Mkwe Haketishwi na Wageni

Nilikuwa uani nachambua mchele, mgongo wangu kwa lango la nyuma, Ambroise akaniita kutoka barazani. "Mama, kuku iko nakula mchele yako. Nyuma yako pale."

Nikageuka. Kweli, kuku alikuwa amepanda ukingo wa sinia. Nikamfukuza. Ndipo mkono wangu ukabaki hewani, kwa sababu kati ya baraza na ua wangu kuna ofisi nzima ya mwanangu Umaru na kuta zake za matofali, na Ambroise hakuwa ameinuka kwenye benchi.

Nikaenda kumwangalia. Ambroise ni mfanyabiashara wa mbao kutoka Aru, upande wa Kongo, mtu wa mzaha, na siku nyingi anakaa hapo akingoja Umaru amtengenezee karatasi za forodha. Alikuwa ameshika simu. Ndani ya simu niliuona mkeka wangu, sinia langu, kuku wangu. Na nyuma ya mkeka niliuona mlango wa chumba changu, pazia likisogea, mkono mmoja ukitoka kuvuta ndoo. Mkono wenye plasta nyeupe.

"Huyu mutu ni nani?" akauliza.

"Msichana wa kunisaidia," nikasema. "Umeingiaje humo?"

"Sijaingia, Mama. Mimi niko na kamera kama hizi kule stoo yangu. Nimefungua simu nione stoo, yenyewe ikanionyesha za kwenu. Ni mtandao yenu. Munagawa kama maji."

Ni kweli tulikuwa tunagawa kama maji. Ofisi ya Umaru iko Koboko mjini, barabara ya malori, na kila dereva au mfanyabiashara anayengoja barazani anapewa chai na neno la siri la mtandao. Kumnyima mtu neno hilo ilikuwa kama kumnyima maji ya kunywa.

Lakini ule mkono wenye plasta ulikuwa wa mjukuu wangu Kadijah, mtoto wa Umaru. Mume wake, Nasiri, ndiye aliyeuvunja huko Arua, na alisema mbele ya majirani kwamba akimpata tena hataishia mkono. Kadijah alikuja kwangu akiwa amelala chini ya turubai la lori. Tukawaambia watu wote yuko Bombo kwa shangazi zake, anangoja kadhi awaite. Kumbe alikuwa chumbani kwangu, na kila aliyekunywa chai barazani angeweza kumtazama.

Umaru nilipomwambia alifunga faili aliyokuwa akiisoma, akampigia fundi.

Fundi alitoka Arua asubuhi iliyofuata. Ni msichana wa Kilugbara, Patricia, mrefu, mwenye sauti ya chini, na mkoba wake umejaa waya. Alifungua kabati ambamo kuna kile kisanduku chenye matundu mengi ambamo waya zote za ofisi zinaingia. Anakiita swichi. Akasema mambo yetu yote yamemwagwa chumba kimoja: kompyuta za ofisi, kamera, mashine ya kuchapa, na simu za watu wa barazani. Wote wanaonana.

"Basi zima hiyo kamera ya uani," nikamwambia.

"Usizime," Umaru akasema. "Nitajuaje nani yuko lango la nyuma? Nasiri akija kwa nyuma, hiyo kamera ndiyo itaniambia."

"Tuiwekee neno la siri lake," Patricia akasema. Alijaribu. Umeme ukakatika, kama kawaida yetu, na uliporudi kamera ilikuwa imesahau lile jipya na kurudia la kiwandani. Ni kamera za bei ndogo. Patricia akasema haina shida, tutajenga kuta.

Nilikaa kwenye kigoda nikimtazama, maana sikuweza kukaa kwingine. Alinieleza bila kunidharau, akaniita Habuba, yaani bibi, kama wajukuu zangu. "Habuba, sibadilishi waya. Kila tundu la hii swichi nalipatia namba. Kumi ni ofisi, ishirini ni kamera, thelathini ni wageni. Mwenye thelathini anapata intaneti tu, haoni ya wengine. Ofisi peke yake ndiyo inaruhusiwa kuchungulia kamera, ili Baba aone lango." Hayo magawanyo anayaita VLAN. Mimi nayaita vyumba. Nyumba zetu sisi Wanubi zimekaa hivyohivyo, wanaume na wageni mbele, ua wa wanawake nyuma, na mkwe hata awe mkubwa namna gani haruki kuingia ua wa mama mkwe wake bila kuitwa. Niliona kwamba simu ilikuwa inaingia mahali ambapo mwenye simu mwenyewe haruhusiwi.

Kwa mtandao wa hewani, ule wa simu, akatengeneza majina mawili, OFISI na WAGENI. Ambroise akajaribu kutoka kwenye benchi. "Mama, kuku amepotea," akasema. "Sasa nitatazama nini?"

Kadijah alianza kutoka tena. Alikaa juani, akasuka nywele zangu kwa mkono mmoja na vidole vya ule mwingine. Nikaanza kulala.

Halafu Siraji akaja.

Siraji ni kaka mkubwa wa Nasiri. Ana duka la vyombo Arua, ni mtu msafi, wa kanzu iliyopigwa pasi, na hapaazi sauti. Alisema amekuja kusalimia tu, kwa sababu ugomvi wa watoto usiue undugu wa wazee. Umaru alimpa kiti kizuri. Mimi nikamletea chai na gurusa, ile mikate yetu myembamba ya unga, na nilipokuwa nikiinama kuweka sinia, Siraji akatoa simu.

"Baba, mtandao wenu ni upi?"

"Huo wa WAGENI," Umaru akajibu.

"Wageni." Alilisoma polepole. "Leo mimi ni mgeni hapa, Baba? Naketi benchi moja na huyu wa mbao?"

"Huyu wa mbao iko hapa tangu asubuhi," Ambroise akasema, "na gurusa hajaonjeshwa."

Watu wakacheka, isipokuwa Umaru. Nilimwona mwanangu akipata aibu mpaka masikio. Kwetu mkwe haketishwi na wageni. Ukimketisha hapo umemwambia undugu umekwisha, na undugu ukikwisha, ugomvi hauna tena wa kuuzuia. Umaru akanyoosha mkono. "Samahani, mkwe. Lete simu." Akamwandikia yeye mwenyewe neno la siri la OFISI.

Mbele ya Siraji nisingeweza kumzuia. Ofisi ndiyo inayoruhusiwa kuchungulia.

Sikukimbia. Kikongwe akikimbia, kila mtu anauliza kuna nini. Nikachukua birika tupu, nikapita ofisini, nikapita korido, nikatoka uani kwa mwendo wangu wa siku zote, na Kadijah ndiyo kwanza anafunua pazia na beseni la nguo. Nikausimamia mlango. Nilitandaza mtandio wangu kama mtu anayeukunja upya, mgongo kwa kamera, nikamwambia, "Rudi ndani, usiulize." Akarudi. Sikujua kama ule upande wa beseni ulionekana. Nilisimama pale kitambo, halafu nikajaza birika nikarudi.

Siraji alikuwa anakunywa chai, simu imelala mapajani mwake.

"Habuba, mbona umesimama mlangoni muda mrefu hivyo? Miguu haikuumi?"

Alisema kwa upole kabisa, macho yake kwenye kikombe.

"Uzee, mwanangu. Nasahau nilichofuata."

"Ni kweli," akasema. "Uzee. Na Kadijah, anapiga simu kutoka Bombo?"

"Mara moja moja."

"Msalimieni."

Aliondoka na simu yake, na ndani ya simu lile neno la siri.

Nilimfuata Umaru kwenye meza yake. "Libadilishe leo."

"Siwezi, Mama. Siku atakayorudi simu yake ikakataa, atajua tuna cha kuficha. Ni sawa na mkwe amelala kwako, akitoka tu unabadilisha kufuli."

"Kwa hiyo umemwachia ufunguo."

"Nimemwachia." Hakunitazama. "Ningefanyaje? Umeona alivyosema mbele ya watu."

Nilimwelewa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Hata mimi ningempa. Na kumhamisha Kadijah hatukuweza: nyumba zote za ndugu zetu Nasiri anazijua, na barabarani madereva wanamjua Kadijah tangu utoto wake.

Siku zilizofuata ziliniharibu. Mtandao wetu hauishii ukutani, unafika mpaka barabarani. Kijana wa bodaboda akisimama chini ya uzio akatazama simu, nilihesabu pumzi zangu mpaka aondoke. Gari likipaki, nilitoka na fagio nikafagia mahali pasipo na taka. Kila mtu aliyeinamisha kichwa kwenye simu alikuwa Siraji. Kadijah hakutoka tena chumbani ila kwenda bafuni, bafu letu la mabati lililo upande wa pili wa ua, na hapo nilimpitisha nimemfunika kama maiti. Aliniambia, "Habuba, afadhali niende nikamalizane naye." Nikamwambia anyamaze.

Patricia akaja tena. Umaru alimweleza yote, na nilidhani msichana atamcheka. Hakucheka.

"Hata sisi Walugbara mkwe huwezi kumkataa," akasema. "Kosa ni langu pia. Nimeupa mtandao jina la wageni, sikufikiri nani atakataa kuwa mgeni." Alifikiri huku akizungusha waya kidoleni. "Tumwachie jina lake. Tumwachie na neno lake la siri. Sisi tuhamishe chumba."

"Vipi?" Umaru akauliza.

"Hii OFISI ya hewani naitoa kwenye kumi, naiweka kwenye thelathini. Simu ya mkwe itaingia yenyewe kama kawaida, itaandika OFISI, lakini ndani haoni kamera, haoni chochote. Nyinyi nawapa jina lingine, lisilojitangaza. Kesho akija mwingine wa heshima pia, mpeni OFISI kwa mikono miwili."

Kwa mara ya kwanza tangu Siraji aondoke niliona mwanangu anatabasamu.

Kuna visanduku viwili vinavyorusha mtandao, kimoja ndani ya ofisi, kingine barazani. Patricia alimaliza cha ndani. Kadijah, aliposikia fundi yumo ndani, alidhani hatari imekwisha, akaenda kuoga peke yake. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye korido, nusu macho uani, nusu kwa Patricia, niliposikia mlango wa gari barazani, na sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya harusi.

"Hodi kwa wakwe."

Ilikuwa ya Nasiri.

Patricia aliona uso wangu. "Ndiye?"

"Ndiye mwenyewe."

"Cha barazani bado kiko kumi, kinaona kamera," akasema, vidole vikaanza kukimbia kwenye kompyuta yake. "Mcheleweshe. Baba amsalimie sana."

Umaru alimsalimia sana. Aliuliza habari ya mama yake, ya mashangazi, ya watoto wa Siraji mmoja mmoja, ya mvua ya Arua, ya barabara. Nasiri alijibu yote, mtu mzuri wa sura, anatabasamu, anasugua viatu kwenye ngazi. Nilitaka kwenda uani kumzuia Kadijah, lakini Nasiri alikuwa ameshaniona kwenye korido.

"Mke wangu," akaniita.

Ndivyo mume wa mjukuu anavyomtania bibi, ni desturi, na hata siku ya harusi yake aliniita hivyo nikacheka. Sasa ilibidi niende. Akanishika mkono kwa mkono wake wa kulia, akanikalisha mkekani karibu naye, na hakuuachia. Bibi haupokonyi mkono wake kwa mjukuu mkwe.

"Umezeeka lini, mke wangu? Nilikuacha kigori."

"Umenitupa, ndiyo maana."

"Nimetupwa mimi. Yule mke mwingine amenikimbia, nimebaki na wewe peke yako." Akaubana mkono wangu kidogo. "Wewe hutanikimbia."

"Nitakimbilia wapi na magoti haya."

Alicheka. Kwa mkono wa kushoto akatoa simu. Neno la siri kaka yake alikuwa ameshampa, kwa maana hakuomba. Niliona herufi za OFISI zikitokea zenyewe.

Ndani nilimsikia Patricia akisema kwa sauti ndogo, "Nimejifungia nje." Halafu kiti kikaburutwa, halafu mlango wa kabati. Baadaye alinieleza kwamba kwa haraka ile alilipatia namba mpya tundu ambalo yeye mwenyewe alikuwa amekalia, swichi ikamtoa, ikambidi achomeke waya mwingine moja kwa moja mgongoni mwa kisanduku. Wakati ule mimi nilijua tu kwamba kuna kitu kimeharibika.

Umaru aliendelea kuuliza habari. Alikuwa amefika kwenye mbuzi.

Nasiri akafungua kile kidude cha kamera. Nilikiona, ni kilekile cha Ambroise. Na hapohapo, kutoka uani, nikasikia mlango wa bafu la mabati ukilia. Una mlio wake, kila mtu wa nyumba anaujua. Kadijah alikuwa anatoka. Ana ua mzima wa kuvuka, juani, mbele ya nguzo ya kamera, na hakuna aliyemwambia kitu.

Kwenye simu kulitokea kiduara kinachozunguka.

"Na wale mbuzi wa Logiri," Umaru akasema, sauti yake imekauka, "wamezaa?"

"Wamezaa, Baba."

Kiduara kikazunguka. Nilikitazama kama mtu anayetazama nyoka akivuka njia. Nilisikia kandambili uani, pa, pa, pa, mwendo wa mtu asiye na haraka. Mara simu ikaandika kitu, alama ya mtandao ikapotea juu, ikarudi. OFISI tena. Nasiri akabonyeza upya. Kiduara kikaanza upya. Kandambili zikakoma. Sikujua zimekoma kwa sababu amefika mlangoni, au amesimama katikati ya ua kukamua nywele, kama tabia yake.

Nasiri akangoja. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, halafu simu ikaandika maneno mekundu. Akabonyeza tena. Mekundu tena.

"Mke wangu," akasema bila kunitazama, "ile kamera ya huko nyuma inafanya kazi?"

"Mimi najua nini mambo ya kamera? Kazi yake kunipiga picha nikichambua mchele."

"Mtandao ni mgonjwa leo," Umaru akasema. "Umeme umekatika mara nyingi. Fundi yuko ndani tangu asubuhi, si unamsikia?"

Nasiri akamsikiliza Patricia akigonga vitufe. Akautazama mlango wa ofisi, na korido nyuma yake, na mwanga wa ua mwisho wa korido. Niliona anapima. Hatua chache tu. Mkono wangu bado ulikuwa ndani ya mkono wake, na sasa mimi ndiye niliyeushika.

"Ungependa kuniona jikoni mwangu?" nikamwambia. "Mume gani anaingia jikoni kwa mama mkwe. Watu wa Koboko watakutungia nyimbo."

Benchi zima likacheka, madereva wote. Nasiri akacheka pamoja nao, akarekebisha ukosi wa shati. Akaniachia mkono.

Alikunywa chai. Akajaribu simu tena mara mbili, kama mtu anayejikuna. Alipoondoka alisema atakuja tena kabla ya siku ya kadhi, yeye na kaka yake, na Umaru akamsindikiza mpaka kwenye gari kama inavyopasa.

Niliingia ofisini kwa kushika ukuta. Patricia alikuwa amekaa chini sakafuni, kompyuta mapajani, jasho kwenye mdomo wa juu.

"Aliona?" akauliza.

"Hakuona. Ni wewe?"

"Sijui kama ni mimi au ni swichi ilikuwa inajiwasha." Akachukua simu yake, akaenda barazani, akaingia OFISI kwa neno lilelile, akafungua kamera. Nilisimama naye. Kiduara, halafu maandishi mekundu. Akajaribu kutoka barabarani chini ya uzio. Mekundu. Tukarudi kwenye meza ya Umaru, na pale, kwenye kompyuta yake, ua ulikuwapo mzima, mkeka, lango la nyuma limefungwa, kuku.

Na Kadijah amekaa kizingitini mwa chumba changu, nywele zinachuruzika, ameinyoosha miguu juani.

Nikaenda kwake. Alikuwa hajui lolote. Nilipomwambia nani alikuwa barazani, alikunja miguu haraka kuitoa kwenye jua.

"Atarudi?"

"Atarudi."

"Na akifungua simu?"

Nikamweleza alivyonieleza Patricia, polepole, nikarudia mara ya pili mpaka nikajisikia mimi mwenyewe nimeelewa. Alisikiliza akiitazama kamera juu ya nguzo. Kwapani alikuwa amekumbatia kanga yake iliyolowa, ya njano, inayoonekana kutoka mbali.

"Habuba, naweza kuianika hapa nje?"

Nilitazama kamba. Nilitazama nguzo. Sikuwa na hakika ya kitu chochote ila kile nilichokiona kwenye simu mbili, ya Nasiri na ya Patricia.

"Anika," nikamwambia. Nikachukua upande mmoja wa kanga, kwa sababu ya mkono wake.